Mtu wa Kabuti Njia ya Nyakoe

Mimi sikumwamini yule afande tangu alipofungua mdomo, na sababu yangu ya kwanza ilikuwa tafsiri. Alizungumza Kiswahili laini cha watu wa pwani, na karani wa chifu alisimama kando yake kututafsiria kwa Kigusii. Afande alisema mengi, karani akasema machache. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo nilisikia pande zote mbili, na nikawa najiuliza yale mengine yanabaki wapi. Mtu akikupunja maneno mbele ya macho yako, akiwa peke yake atakupunja nini?

Ilikuwa mwisho wa miaka ya sitini, kwenye baraza la chifu huku juu Manga. Njia za miguu za kuteremka hadi soko la Nyakoe zilikuwa zimeingiwa na waporaji. Waliwavizia wanawake pale kwenye kichaka cha miwati, ile miti ya kuuza magome, wakanyang'anya vikapu, sukari, chumvi, hata leso mtu aliyojifunga. Jirani yetu mmoja alivunjwa mkono kwa sababu aling'ang'ania kikapu chake. Ndipo wanaume wakaanza kutembea na mikuki na pinde, wanawake wakaficha visu chini ya mboga, na serikali ikamleta afande atuambie tuache.

"Silaha unayobeba si yako," alisema. "Ni ya mwizi. Wewe unambebea tu. Atakupokonya, na atakuumiza nayo. Tembeeni kwa makundi. Ukivamiwa usipigane, piga kelele. Jirani yako ndiye askari wako wa kwanza."

Baba mkwe wangu akasimama. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyekwenda vita vya Wazungu akarudi na Kiswahili cha jeshini, na alipenda kukitumia mbele za watu.

"Afande," alisema, "hiyo iliyo kiunoni mwako unambebea mwizi gani?"

Watu walicheka mpaka karani akasahau kutafsiri. Afande naye alicheka, na mimi kicheko chake sikukipenda, kilikuwa kicheko cha mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo kwingine.

"Mzee, mimi nimefunzwa."

"Hata mimi nilifunzwa. Nilipewa bunduki, nikavuka nayo bahari, nikairudisha. Hakuna aliyenipokonya. Haya, niambie. Nikipiga kelele huku mlimani, wewe kule kituoni zitakufikia saa ngapi?"

"Mimi zitanichelewa, mzee. Majirani hazitawachelewa. Watafika haraka sana."

Nasimulia kama niliyemwona baba mkwe akisema, lakini nilichoona ni mgongo wake. Kwetu kuna heshima inayoitwa chinsoni, na kati ya mke na baba wa mume wake ni kali kupita zote. Hagusi mkono wako, nawe hugusi wake. Haingii nyumbani kwa mwanawe. Hukai naye, humkazii macho, na katika boma letu jina lake halikupita mdomoni mwa mke wa mwanawe hata kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimeolewa miaka miwili na sura yake sikuijua vizuri. Nilijua miguu yake, kwa sababu macho yangu yalikaa chini. Ilikuwa miguu mikubwa isiyovaa viatu, na kidole gumba cha kushoto hakikuwa na ukucha. Nilijua pia kikohozi chake. Kabla ya kupita karibu na jiko langu alikohoa mara moja, kavu, ili nijitengeneze au nisogee. Hakuwa na ugonjwa wa kifua. Ile ilikuwa hodi yake.

Siku ile jioni mabishano yalihamia nyumbani, kwake yeye na mama mkwe, na mimi nikayasikia kupitia ukuta wa jiko nikikoroga ugali wa wimbi.

"Mdomo hauna makali," alisema yeye.

"Mungu anayo," alijibu mama mkwe. Alikuwa Msabato wa kweli, hakupika siku ya Sabato wala hakumsema mtu vibaya mpaka jua lizame. "Aliyesema mikuki ifuliwe iwe miundu ni nabii. Yule afande amesema vilevile."

"Nabii hakuwa na bastola."

"Wewe ukibeba rungu, mwenzako atabeba panga. Akibeba panga, mwingine atabeba mshale wa sumu. Mwisho mtakatana wenyewe na waporaji wakae pembeni wakiangalia."

"Na nisipobeba?"

Mama mkwe alianza wimbo wa kanisani. Hata hivyo niliona rungu la mumewe limeegemea nyuma ya mlango wake, na yeye ndiye aliyefagia nyumba kila asubuhi. Kama alilichukia, mbona hakulitia jikoni likapikie maharagwe?

Wiki hiyohiyo askari wa chifu walipita boma kwa boma kukusanya mikuki. Baba mkwe aliwapa mkuki mmoja wenye mpini ulioliwa na mchwa, akawashukuru kwa kuja. Mikuki mizuri ya majirani ilibebwa, na haikupita muda maneno yakaanza kutembea. Kuna aliyesema imeuzwa kwa Wazungu watundike ukutani. Kuna aliyesema waporaji ni jamaa za hao askari, wanatunyang'anya makali kwanza ili wakija wasipate taabu. Mimi niliamini yote mawili. Sikuwa na ushahidi, lakini nilikuwa na mimba ya miezi mitano na mume aliyefanya kazi Kericho kwenye shamba la chai, akija mwisho wa mwezi tu. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka. Hii ya pili niliilinda hata kwa shaka.

Ndiyo maana nilitia kisu kwenye kikapu. Kilikuwa kisu cha kukatia majani ya migomba, kifupi, nimekinoa mwenyewe juu ya jiwe la mtoni. Nilikiweka chini ya mayai na chinsaga, zile mboga chungu zinazopendwa sana kwetu, na juu nikafunika kwa jani.

Mtu ataniuliza kwa nini sikukaa nyumbani. Mama mkwe aliniuliza pia. Nilimwambia kuku hawajui kuna waporaji, wanataga tu, na mayai yakioza hakuna afande atakayeyala. Ukweli ni kwamba soko lilikuwa siku yangu. Siku nyingine zote nilikuwa mke wa fulani, mkwe wa fulani, macho chini. Nyakoe nilikuwa mwenye mayai, nikipandisha bei nikitaka na kumcheka mnunuzi machoni. Hilo sikuwa tayari kupokonywa na waporaji wala na serikali.

Kutembea kwa makundi kulinishinda. Wanawake wa kwetu waliteremka mbiombio alfajiri, na mimi tumbo lilinirudisha nyuma. Walinisubiri mara mbili, mara ya tatu walikwenda. Halafu nao sikuwaamini sana. Kulikuwa na mmoja aliyeuliza mno, umeuza nini leo, umebakisha nini, utarudi kwa njia ipi. Huenda alikuwa mbea tu. Nilianza kumjibu uongo.

Siku ya soko iliyofuata ndipo nilipomwona mtu wa kabuti kwa mara ya kwanza.

Alikuwa nyuma yangu, mbali, kule njia inapopinda kutoka ukingo wa Manga. Kabuti lake lilikuwa refu la kijeshi, kola imesimama, kofia imevutwa mpaka kwenye nyusi, na miguuni alivaa gamubuti, vile viatu virefu vya mpira. Mvua ilikuwa haijanyesha bado. Nilisimama kama mtu anayefunga leso, naye akasimama. Nikaendelea, akaendelea. Nilipofika sokoni niligeuka, hayupo. Nilipokuwa narudi, huyo hapo tena, nyuma, umbali uleule.

Siku ya soko ya pili alikuwapo. Mkono wangu ulikaa ndani ya kikapu njia nzima, kwenye mpini. Nilijua habari za waporaji. Humfuata mtu kwanza wamsome, wajue anapotulia na anapochoka, kisha wamchukue siku wanayotaka.

Nilimweleza mama mkwe. Alikuwa anachambua wimbi kwenye ungo, hakuinua uso.

"Labda ana safari yake," alisema.

"Siku yangu ya soko, njia yangu, kwenda na kurudi?"

"Njia ni ya watu wote, mwanangu. Mwombe Mungu, na utembee katikati ya njia."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Mwanamke yule angesikia panya darini angeamsha boma zima, na leo mkwe wake mwenye mimba anafuatwa na mtu, yeye anapepeta wimbi. Nilianza kumtazama kwa jicho jingine. Nilijiuliza kama hanitaki tena, kama ile mimba iliyotoka alinihesabia vibaya, kama kuna binti mwingine aliyemwona kanisani akamtamani kwa mwanawe. Nilikula chakula chake nikikitazama kwanza. Najiona mjinga leo ninapokumbuka, lakini siku zile sikuona ujinga wowote, niliona akili.

Siku ya tatu kulikuwa na ukungu. Ukitoka Manga asubuhi ya ukungu huoni bonde kabisa. Nilipofika kwenye miwati niligeuka, na yule mtu hakuwa mbali tena. Alikuwa amekaza mwendo. Alikuwa anakuja moja kwa moja, karibu anakimbia, mkono mmoja ndani ya kabuti.

Nilikitoa kisu. Mayai mawili yalianguka yakapasuka, na nakumbuka niliyasikitikia. Kisha nikakitazama kile kisu, kifupi kuliko kiganja cha mtu mzima, na nikalisikia neno la afande sikioni: atakupokonya, atakuumiza nayo. Nikalifikiria tumbo langu. Kisu kikarudi kwenye mboga chenyewe, na mdomo ukafunguka. Nilipiga kelele nikamaliza pumzi, nikavuta nyingine, nikapiga tena.

Afande hakusema uongo. Walifika haraka sana. Chini ya miwati kulikuwa na wachoma matofali na watu waliokuwa wakilima, si ukoo wetu, watu wa bondeni wasiotujua, na wao pia walikuwa wamechoka kuporwa. Walitokea kwenye ukungu na majembe, panga na miti ya tanuri. Yule mtu wa kabuti alisimama palepale na kuinua mikono. Mmoja alimvua kofia kwa pigo la mti, mwingine akamvuta kabuti likafunguka, na chini ya kabuti kulikuwa na rungu.

"Mnaona? Mtu wa heri, rungu la nini?"

Baada ya hapo hakuna aliyemuuliza kitu. Alianguka kwenye matope, wakampiga. Hakulia, hakusema jina wala ukoo. Nilikuwa nimejibana kwenye mti, na nitasema nilivyohisi: nilifurahi. Nilisema moyoni, mpigeni.

Kijana mmoja alimshika mguu amburute hadi mahali peupe. Gamubuti likamvuka, likabaki mkononi mwake. Na mimi nikauona mguu. Mkubwa, mkavu, kidole gumba hakina ukucha.

Sikumbuki nilivyotoka kwenye mti. Nakumbuka niko juu yake, magoti kwenye matope, kichwa chake mapajani mwangu, damu yake ikiingia kwenye leso yangu, na mimi napiga kelele nyingine kabisa.

"Mwacheni! Ni baba mkwe wangu!"

Wakasimama, lakini silaha hazikushuka. Mwenye jembe alinitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena.

"Si wewe uliyepiga kelele?"

"Ni mimi."

"Ukimpigia baba mkwe wako?"

"Sikumjua."

"Mtu hamjui baba mkwe wake?" Akawageukia wenzake. "Hawa wako pamoja. Mwanamke ndiye chambo. Anawaita watu huku, wenzao wanaingia nyumba za watu kule."

Baadhi waligeuka mara moja kutazama nyumba zao. Nilielewa shaka yao yote, hatua kwa hatua, kwa sababu ndivyo mimi mwenyewe ningefikiri. Nilitamani nikasirike nao nikashindwa.

Kulikuwa na mwanamke mzee kati yao, amekuja na mpini wa jembe, ananihemea usoni.

"Kama ni baba mkwe wako," alisema, "anaitwa nani?"

Nilimtazama yule mwanamke. Naye alijua anachoniuliza. Nikinyamaza, simjui, na watammaliza hapo mapajani mwangu. Nikisema, basi mimi si mkwe wa mtu, kwa kuwa mkwe gani hulitaja jina hilo? Chini yangu alifumbua jicho moja, lile lililokuwa bado linafumbuka, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe tulitazamana. Alitikisa kichwa kidogo. Alikuwa ananikataza.

Nililisema. Nililisema jina lake, na la baba yake, na la ukoo wao, kwa sauti, mbele ya watu. Silitaji hapa, na tangu siku ile sijalitaja tena.

"Huyo ni mwongo," alisema yule mwenye jembe. "Hakuna mke wa mtu atakayesema hivyo."

Lakini yule mwanamke mzee alikuwa ameutupa mpini chini na kufunika mdomo kwa viganja viwili. "Nyamaza wewe," alimwambia. "Mwongo angetunga jina akalisema bila kutetemeka. Mtazame huyu anavyolia. Mwinueni mzee wa watu."

Waliompiga ndio waliomtengenezea machela ya miti na kumpandisha hadi zahanati, wakiomba msamaha njia nzima kwa mtu asiyewasikia. Mimi nilitembea nyuma. Kijana aliyemvua gamubuti aliniletea kikapu changu. Aliona kisu, nikaona kwamba ameona, naye akakifunika tena kwa jani.

Mama mkwe aliniambia yote pale zahanati, tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje. Mumewe ndiye aliyetaka asiniambie. Baba mkwe anayetembea nyuma ya mke wa mwanawe porini, watu watasema nini? Basi alilitoa kabuti lake la vitani sandukuni, akaazima gamubuti za jirani, ili hata mimi nisimjue. Siku ile alikaza mwendo kwa sababu ukungu ulikuwa umenimeza, hakuniona tena, akaogopa.

"Ningekwambia," alisema mama mkwe. "Niliapa." Halafu alilia, na mimi nilimwambia kwamba nimekuwa nikikitazama chakula chake kabla ya kula, na akaacha kulia akanishangaa, kisha tukacheka vibaya pale kwenye benchi mpaka muuguzi akatoka kutunyamazisha.

Afande alikuja kumhoji mgonjwa. Baba mkwe alimwambia aliteleza kwenye matope. Afande alilitazama jeraha la kichwani muda mrefu, akaandika, akaenda zake. Wazee wa ukoo walikaa kwa ajili ya jina lililotajwa na mwili ulioguswa. Mbuzi alichinjwa, yaliyohitaji kusemwa yakasemwa, na tukarudishiwa chinsoni yetu, yeye huko, mimi huku, macho chini. Mama mkwe alisema mambo hayo si ya Wasabato, lakini nyama alipika yeye.

Baraza lililofuata baba mkwe alikuwapo, kitambaa kichwani, mkono mmoja haunyooki. Afande alirudia maneno yake yaleyale kuhusu silaha. Kisha akaongeza habari njema.

"Majuzi, njia ya Nyakoe," alisema, "mama mmoja alifuatwa na mtu mwenye rungu. Hakupigana. Alipiga kelele, majirani wakafika, mwizi akapata alichostahili. Mnaona?"

Mara hii karani alitafsiri yote, neno kwa neno. Watu wa Manga waliokuwa wanajua walitazama chini. Wote tulimsubiri baba mkwe asimame na Kiswahili chake cha jeshini. Niliutazama mgongo wake, na hakusimama. Mimi nilitaka kusimama kwa niaba yake, lakini ningesema nini? Kwamba rungu lilimponza? Afande angefurahi. Kwamba kelele zilimponza? Ningekuwa nasema mimi ndiye niliyemponza. Mpaka leo sijui ni nani kati yao aliyeshinda ule ubishi, na anayeniambia anajua, namtilia shaka.

Tumbo lilikuwa limekua nilipoteremka tena. Mama mkwe alininyooshea kikapu bila kunikataza, na kisu kilikuwamo, kimenolewa, wala si na mimi. Nilipita ukingo, nikafika njia inapopinda. Nyuma yangu, mbali, mtu alikohoa mara moja, kavu.

Sikugeuka. Nilisogea pembeni ya njia nikainamisha macho kama ninavyofanya jikoni, na kule nyuma gamubuti zikasimama. Kisha nikaendelea na yeye akaendelea, na alikohoa kila kona, kwenye miwati akakohoa mfululizo, mtu asiye na ugonjwa wa kifua hata kidogo, akakohoa hivyo mpaka Nyakoe.